Karani wa Sensa wa Walthamstow

Chama alichokuwa katibu wake kilikufa zamani. Kilizaliwa hapa London muda mfupi baada ya mapinduzi, wakati kila Mzanzibari aliyeshuka na sanduku lake aliapa kwamba atarudi kwao kabla sanduku halijashika kutu, na kikafa kwa ugomvi wa masufuria ya pilau ya Idi, ambayo kila upande ulishikilia kuwa yako kwa wenzao. Mwenyekiti alisusa. Mweka hazina alihamia Muskati, na wapo wanaosema masufuria yalihama naye. Katibu peke yake hakuacha kazi. Alisema hawezi kujiuzulu bila kikao, kikao hakiitishwi ila na katibu, na katibu haoni haja ya kikao. Kwa hoja hiyo isiyo na tundu aliendelea kuwa katibu wa chama kisicho na mwanachama hata mmoja, na sisi sote, wakubwa kwa watoto, tukamwita Katibu.

Nilimjua tangu nikiwa msichana wa skuli mpaka nikawa muuguzi mwenye magoti mabovu. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia yake ya viua imekaa sawasawa hata upepo wa Machi ukivuma, na koti lake lilinunuliwa sokoni Walthamstow kwa mtu aliyemwambia ni sufu tupu. Halikuwa sufu. Katibu alilijua hilo kabla ya wiki kwisha, lakini alilivaa miaka na miaka ili kila Jumamosi apite mbele ya meza ya yule muuzaji amwoneshe uongo wake.

"Bado sufu?" humuuliza.

"Still wool, boss," yule Mwingereza hujibu, naye bila haya.

Nadhani walikuwa marafiki. Yule bwana alipokufa, Katibu alikwenda mazikoni na koti lilelile.

Wengine hukusanya stempu. Yeye alikusanya uongo wa watu, na kazi hiyo aliianza kwa mshahara wa serikali. Katika sensa ya mwisho ya Mwingereza kule Unguja, akiwa kijana ambaye ndevu bado zinamsitasita, aliajiriwa ukarani akapewa mitaa ya Ng'ambo, apige hodi nyumba baada ya nyumba. Alirudi na imani kubwa katika sensa na hakubakiwa na imani yoyote katika watu. Alituambia kwamba watu walibadilisha kabila kama wanavyobadilisha shati la Ijumaa: mwaka mmoja ukoo mzima Waswahili, mwaka mwingine ukoo uleule Washirazi, na wote wanakutazama usoni kana kwamba wewe ndiye unayesahau. Yeye aliandika tu.

Lakini shida kubwa ya kazi ile, kwa maelezo yake, ilikuwa wake wa watu. Mume yuko kazini, karani kapiga hodi, mke yuko nyuma ya mlango na buibui lake. Mwenye nyumba anaitwa nani? Kimya, kwa sababu mke mwenye adabu hamtaji mumewe kwa jina, na hasa hamtaji kwa kijana wa serikali mwenye kalamu sikioni.

"Ni mwenyewe," mke anajibu.

"Mwenyewe nani?"

"Baba watoto."

"Baba watoto hana jina?"

"Analo. Muulize mwenyewe."

Basi karani huvuka njia akamuuliza muuza kahawa wa mbele, muuza kahawa humtajia jina, na umri, na kabila, na ikiwa hana wateja hata wake wengine ambao huyu wa nyuma ya mlango hajawasikia. Ndivyo serikali ilivyojua watu wake. Kwa hiyo alikuwa na kanuni moja aliyoiweka juu ya nyingine zote: kabla hujaamini karatasi, jiulize kwanza nani alifungua mlango.

Alikuwa akiisimulia habari hiyo ya wake za watu huku akicheka mpaka anafuta macho. Na yeye mwenyewe, katika miaka yote niliyomjua, sikumsikia hata mara moja akilitaja jina la mkewe. Alisema "watu wa nyumbani." Akizidisha sana, alisema "wa kwangu."

Maana alikuwa na mke, na habari zake kila Mzanzibari wa London alizijua na hakuna aliyezizungumza mbele yake. Waliagana bandarini wiki chache baada ya mapinduzi. Yeye alikuwa na jina katika orodha mbaya ikambidi aondoke upesi. Mke angemfuata akipata ruhusa ya kutoka. Ruhusa haikutoka. Barua zilikuja, zikapungua, zikakoma. Kisha tukasikia kwamba mke alikwenda kwa kadhi akaeleza kuwa mume kapotea ughaibuni hana matunzo wala salamu, kadhi akaivunja ndoa, na bibi akaolewa na mwalimu wa skuli kule Pemba, akazaa, akajukuu. London nzima ilizijua habari hizo, na Katibu, ambaye alijua rangi ya mlango wa kila babu wa kila mtu, ndiye pekee aliyekuwa hazijui.

"Mimi sikutoa talaka," alisema mtu akithubutu kumtajia mwanamke wa kumposa, na walithubutu wengi, kwa sababu alikuwa na flati ya kaunsili yenye vyumba viwili. "Mwanamume ana mke. Mnataka nini tena?"

Afisa wa nyumba naye alikuja kumshauri ahamie ya chumba kimoja, kwa kuwa anaishi peke yake. Katibu akamkaribisha, akamtilia chai ya tangawizi, akamwambia, "My wife is coming." Afisa akaandika. Baada ya miaka kadhaa akaja afisa mwingine, akapewa chai ileile na jibu lilelile. Ninaamini katika ofisi ile kuna faili inayosema mke wa bwana huyu yuko uwanja wa ndege.

Kisha ukaja ugonjwa wa kutafuta asili. Waingereza walianza, kwa kuona kwenye televisheni watu maarufu wakilia juu ya mababu waliokuwa mafundi viatu, na sisi hatukutaka kubaki nyuma. Serikali ya huku ina desturi ya kuzifungia karatasi za sensa kwa miaka mia, kisha inazifungua kwa kila mwenye shida na kila mwenye umbea. Maktaba ya Walthamstow ilikuwa na kompyuta za kuzisomea bure. Katibu alipoambiwa kwamba majina, umri, kazi na ndoa za watu wote wa nchi hii vimewekwa wazi, alivua kofia, jambo ambalo hakuwafanyia hata viongozi.

Tangu siku hiyo alikuwa na ofisi. Kompyuta ya pembeni karibu na hita ilikuwa yake, na wasimamizi wa maktaba walimwogopa. Waliomjia wote walikuja na babu mtukufu. Katibu aliwasikiliza, kisha akawaonya wasianze na jina, kwa kuwa makarani wa Kizungu waliyaandika majina yetu kwa kubahatisha. Anza na alikozaliwa mtu, halafu kazi yake, halafu waliolala naye nyumba moja usiku ule. Jina lije mwisho, likipenda.

Familia moja ya Kihindi ilikuja kutoka Kenton, wamejaa gari zima, na sanduku la ladu tamu. Babu yao alikuwa na duka kubwa Darajani, na walitaka jina lake katika sensa ya Zanzibar walitie kwenye fremu ukumbini. Katibu alikula ladu ya kwanza taratibu, akawaeleza kwamba kilichobaki cha sensa ile ni vitabu vya jumla tu: wanaume wangapi, wanawake wangapi, wa jamii gani. Majina hayamo.

"Sasa, Uncle, babu yetu yuko wapi?" mwenye duka wa sasa aliuliza.

Katibu akawafungulia ukurasa wenye majedwali, akaweka kidole juu ya tarakimu moja iliyonona. "Yumo humu. Mbanano kidogo, lakini yumo."

Waliondoka wamenuna, na ladu zikabaki. Mwengine alikuja kutafuta ushahidi kwamba baba yake alikuwa Mwarabu safi wa Omani, maana pasi za Muskati zilikuwa zimepata soko na ukoo wake ulikuwa umekumbuka ghafla. Katibu alimtazama kwa huruma. "Mimi ndiye niliyepiga hodi kwenu," alimwambia. "Baba yako alikuwa amekaa barazani anakata kucha. Akaniambia Mshirazi. Nikamuuliza una hakika? Akaniambia niandike kabla hajabadilisha mawazo." Yule bwana hakumsalimia tena Katibu hata siku za Idi. Pasi aliipata.

Nasema haya kwa kicheko, na nilicheka sana wakati ule, mpaka zamu ilipofika nyumbani kwetu Tottenham.

Mama yangu alilelewa na bibi yake. Bibi huyo aliolewa na baharia aliyepanda meli ya Kizungu kabla ya vita vya kwanza na hakuonekana tena, ingawa watu waliorudi walisema walimwona London, mzima wa afya. Bibi hakuachwa na hakufiwa. Alikaa hivyo mpaka akazeeka, na kila Ijumaa alitoa kanzu ya mumewe sandukuni, akaitandaza juu ya tege, kile kitenga cha kufukizia nguo, akaifukiza udi, akairudisha. Alipokufa, kazi hiyo akairithi mama. Kanzu ilikuja mpaka London, na kila Ijumaa flati yetu ilinuka udi hata kengele ya moshi ikalia, na jirani yetu Mkenya mwenye kwenda kanisani kila Jumatano alikuja kuuliza kama tunafukuza pepo au tunawaita.

Katika masimulizi ya ukoo wetu baharia huyo alikuwa nahodha. Lakini mama hakutaka unahodha. Alimwita Katibu akamwambia wazi: "Mimi nataka kujua jambo moja kabla sijafa. Alimkumbuka bibi au alimsahau?"

Swali kama hilo huliulizi sensa. Ni kama kumuuliza mpima ardhi kama majirani wanapendana. Lakini Katibu hakuwahi kukataa kazi, akaenda maktaba, na baada ya muda akaja kwetu siku ya Jumapili na karatasi iliyochapwa, koti la sufu isiyo sufu mwilini. Mama alikuwa amempikia samaki wa kupaka.

Alimpata. Nyumba ya kulala mabaharia, kule mashariki karibu na magati. Jina limepotoshwa, lakini umri ndio, na alikozaliwa Zanzibar. Katibu akavaa miwani akasoma kwa sauti ya serikali: "Kazi, mtia makaa melini. Ndoa, hajaoa."

"Soma tena," mama alisema.

Akasoma tena, kwa sauti ileile.

"Hajaoa? Kwa hiyo bibi yangu alimfukizia kanzu nani?"

"Dada yangu, sensa haina huruma. Mtu aliulizwa, mtu akajibu. Aliandika hana mke."

Nilimwona mama anakunja ncha ya mtandio wake, anaikunjua, anaikunja. Kisha akainua uso. Mama yangu hakuwa mtu wa makelele, na aliyoyasema aliyasema polepole.

"Na wewe, Katibu? Karatasi yako ikija, pale penye ndoa, wewe unaandika nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Katibu akaivua miwani. Akaitia mfukoni, ikakosa mfuko, ikaanguka, akaiokota. Akanyanyuka akatoka na samaki hajamgusa, na anayemjua Katibu atafahamu ukubwa wa msiba huo. Mama alimfunika samaki yule kwa kawa, samaki akakaa hapo hadi kesho yake, tukamtupa.

Hawakusemezana tena. Mazikoni walikaa pembe mbili, harusini walisalimiana kwa kupitia watu wengine. Na mama hakuifukiza tena ile kanzu. Aliitia chini ya sanduku, na Ijumaa zetu zikawa zinanuka vitunguu tu kama za watu wengine. Jirani Mkenya alisema amefurahi tumempata Bwana. Mimi nilimkasirikia Katibu kupita kiasi. Sikumkasirikia kwa alichokipata. Nilimkasirikia kwa ile sauti ya serikali, na nilimkasirikia zaidi usiku mmoja nilipokumbuka kanuni yake ya kwanza, nikatambua kwamba siku ile, mbele ya mama yangu, hakuuliza nani alifungua mlango.

Miaka ikapita, ikaja sensa nyingine ya huku, ile iliyotukuta tumefungiwa majumbani kwa maradhi. Simu ikalia.

"Mwanangu," Katibu alisema, kama tulioonana jana. "Macho yamekwisha. Njoo unihesabu."

Nilikwenda na barakoa yangu ya kazini. Flati ilikuwa ileile, chumba cha pili kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka la maua, hakuna aliyelala hapo maisha yake yote. Yeye alikuwa amebaki kofia na mifupa. Serikali ilitaka watu wajaze kwa mtandao, lakini Katibu aliwapigia simu mpaka wakamletea ya karatasi, kwa sababu, alisema, sensa isiyo na karani ni uvumi.

"Kalamu nyeusi unayo? Kaa hapo. Andika vizuri, kuna watu watasoma."

Tulianza. Nani amelala nyumba hii usiku wa sensa? Yeye peke yake, na akangoja niandike peke yake. Tulipofika penye ndoa, akainua mkono. "Hilo liache kwanza. Endelea."

Nikaendelea. Afya, akacheka. Dini, akajibu kabla sijamaliza kuuliza. Penye kabila nikamsomea visanduku vyote, na mtu aliyewacheka Waunguja maisha mazima kwa kubadilisha makabila alifikiri sana.

"Tia 'Nyingine'," alisema. "Hapo pembeni pana nafasi? Andika: karani."

Niliandika. Mpaka pakabaki mahali pamoja tu, peupe.

"Imebaki ndoa, Katibu."

"Soma visanduku."

Nikamsomea. Hajaoa. Ameoa. Wametengana lakini bado wameoana kisheria. Wametalikiana. Amefiwa.

Alifumba macho, nikafikiri amesinzia.

"Mama yako yuhai?"

"Yuhai."

"Mwambie nyumba zile za mabaharia zilikuwa na msimamizi. Karani akifika, mabaharia wengine wako kazini, wengine wamelala, wengine hawajui Kiingereza. Msimamizi ndiye anayejibu. Anawaandikisha wote hawajaoa, yaishe. Mimi mwenyewe kule Unguja, siku niliyopelekwa bandarini, nilifanya vivyo hivyo na mabaharia wa Kingazija. Wote makapera." Akavuta pumzi. "Babu yake huenda hakuulizwa. Nililijua hilo siku ile. Nilikuwa nimeona raha ya kusoma."

"Na huenda aliulizwa," nilisema, maana bado nilikuwa na hasira yangu na sikutaka kumwachilia kwa bei rahisi.

"Na huenda aliulizwa. Lakini mimi," alisema, "mlango nimefungua mwenyewe."

Akanyoosha kidole, hakuona vizuri, kikaangukia kando ya karatasi. Nikamshika mkono.

"Zote zilizopita nilitia penye ameoa. Mama yako alijua, ndiyo maana akaniuliza. Hii wataifungia miaka mia, sivyo?"

"Mia."

"Inatosha. Tia penye wametalikiana."

Nilitia alama. Kalamu ilikwaruza kidogo, naye akasikiliza mpaka ikaisha. Kisha akageuza uso kuelekea mlango wa chumba cha pili.

"Zuhura," alisema. "Alikuwa akiitwa Zuhura. Mzuri wa sauti. Sijui wajukuu zake wangapi sasa."

Alilitamka bila shida, kama mtu anavyomtaja mke wa mwenziwe. Nikalia ndani ya barakoa, na barakoa ikilowa ni balaa, uliza muuguzi yeyote. Yeye hakulia. Aliniambia nisisahau kuilamba bahasha, nikamwambia siku hizi hazilambwi, akaguna kwamba ndiyo maana mambo yanavuja.

Bahasha niliitia posta ya pembeni mwa steshini, na papo hapo nikampigia mama. Nilimweleza yote mawili, ya msimamizi wa mabaharia na ya kisanduku. Ya msimamizi aliyasikiliza mpaka mwisho. Ya kisanduku akaniuliza swali moja tu.

"Kamtaja jina?"

"Kamtaja. Zuhura."

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa.

"Basi kweli kamwacha," alisema mama. Kisha akaniambia kwamba kwa kuwa niko huko huko Walthamstow, nipite dukani nimnunulie udi.